"Mashariki yenye utajiri": jinsi neno moja la Kiingereza linavyosimulia vita vya Kivu

Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipotangaza kwamba wameuteka mji wa Goma, habari hiyo ilizunguka dunia kwa dakika chache. Katika taarifa nyingi za Kiingereza, jina la mji halikutajwa peke yake. Liliandamana na maneno mawili yaliyofungwa pamoja kwa kistari: "mineral-rich". Kwa Kiswahili ni kusema: mashariki ya Kongo, yenye utajiri wa madini.

Lakini ndani ya mji wa Goma hakuna mgodi. Mji umejengwa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Madini yanapita Goma, yanauzwa Goma, na baadhi ya waliofaidika nayo wamejenga nyumba nzuri kando ya ziwa. Siku ile, hata hivyo, wakaaji wa Birere, Katindo na Majengo walikuwa wanatafuta maji ya kunywa, umeme uliokuwa umekatika, na njia ya kuwafikisha majeruhi hospitalini. Aliyesoma habari yao akiwa mbali aliambiwa kwanza kwamba wanaishi penye utajiri.

"Rich" ni sifa ya kawaida kabisa katika Kiingereza. Mwanafunzi anaisoma katika masomo yake ya mwanzo: mtu tajiri, udongo wenye rutuba, chakula chenye mafuta mengi, vyote vinaweza kupewa neno hilo moja. Katika vyumba vya habari neno hilo limepata kazi ya pekee. Linabandikwa nyuma ya kitu, kisha mbele ya jina la mahali: nchi yenye mafuta mengi, bahari yenye gesi nyingi, jimbo lenye madini mengi. Kwa Kivu na Ituri limekuwa kama jina la ukoo.

Jibu bila swali

Kwa nini waandishi wa Kiingereza wanalipenda? Sababu ya kwanza ni nafasi. Msomaji wa Manchester au Chicago hajui Masisi iko wapi. Mwandishi anapewa maneno mia tatu au mia nne tu. Katika maneno hayo lazima aseme nani ameshambulia, watu wangapi wamekimbia, Kinshasa inasema nini, Kigali inajibu nini. Mwishoni linabaki swali gumu kuliko yote: wanapigania nini?

Swali hilo halina jibu fupi. Sifa yenye kistari inalijibu bila kuonekana kwamba imejibu. Mwandishi hajasema wazi kwamba watu wanauana kwa sababu ya koltani au dhahabu. Angesema hivyo, mhariri wake angemdai ushahidi. Ameweka tu madini kando ya vita, na msomaji anaviunganisha mwenyewe.

Sababu ya pili ni namna mashirika ya habari yanavyofanya kazi. Kila mgogoro mrefu una fungu la maelezo ya historia ambalo linahamishwa kutoka habari ya leo hadi habari ya kesho. Kwa miaka mingi, fungu la Kongo katika taarifa za Kiingereza limerudia karibu mambo yale yale: kuna makundi zaidi ya 100 yenye silaha, yanagombania sehemu katika mashariki yenye utajiri wa madini, karibu na mpaka wa Rwanda. Pengine aliyeliandika kwanza amekwisha kuhamia kazi nyingine. Fungu linabaki, kwa sababu hakuna neno ndani yake lililo uongo. Uongo ungesahihishwa siku ya pili.

Tabia hii imelalamikiwa zamani. Mwandishi Mwingereza George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, alionya juu ya maneno yaliyokwisha kuungwa tayari, ambayo yanamfikiria mwandishi badala ya mwandishi kufikiri mwenyewe. Mkenya Binyavanga Wainaina aliicheka tabia hiyo mwaka 2005, katika makala yake ya kejeli iliyochapishwa katika jarida la Granta kuhusu namna ya kuandika habari za Afrika. Orwell aliwasema waandishi kwa jumla. Wainaina aliwasema wale ambao wameamua Afrika ni nini kabla hawajashuka kwenye ndege.

Abyei: mafuta yaliondoka, neno likabaki

Kongo si pekee. Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye mpaka wa Sudan na Sudan Kusini, katika eneo la Abyei. Kwa miaka, habari za Kiingereza ziliita eneo hilo "oil-rich Abyei", yaani Abyei yenye mafuta mengi.

Mwezi wa Julai 2009, Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ya The Hague ilichora upya mipaka ya Abyei. Visima vikubwa vya Heglig na Bamboo vikaachwa nje ya eneo hilo, upande wa kaskazini. Kilichobaki ndani kilikuwa kidogo kuliko kile ambacho neno lilidai. Lakini neno liliendelea kuandikwa katika habari nyingi, kana kwamba mahakama haikukaa.

Wakati huo huo, ugomvi wa kila mwaka pale Abyei ulikuwa unahusu jambo ambalo mfugaji yeyote wa Masisi au wa Fizi angelielewa mara moja. Wafugaji wa Misseriya wanateremka na ng'ombe wakati wa kiangazi kutafuta maji na majani. Wakulima na wafugaji wa Dinka Ngok wanasema ardhi ni yao. Kuna swali la nani ana haki ya kupiga kura juu ya mustakabali wa eneo. Msomaji aliyeambiwa tu kwamba Abyei ina mafuta hakuweza kuelewa kwa nini mapigano yanafuata misimu ya mvua na ukame.

Tajiri ni nani?

Neno hilo linapoingia katika Kiswahili, linabadilika uzito. Katika Kiingereza sifa inakaa mbele ya jina, ni fupi, na jicho la msomaji linaipita haraka. Katika Kiswahili sifa inakuja nyuma, na hii inahitaji maneno mengi: "eneo lenye utajiri mkubwa wa madini". Kilichokuwa kama pambo kinakuwa tamko kamili. Mtangazaji wa redio anapolisoma saa moja jioni, msikilizaji analisikia lote.

Kuna zaidi ya hayo. Kwa Waswahili, tajiri kwanza ni mtu. Ni mwenye duka, mwenye gari, mwenye kuajiri wengine. Anajulikana kwa jina na nyumba yake inaonyeshwa kwa kidole. Kwa hiyo mama anayeuza sombe sokoni, akisikia kwamba anaishi katika eneo lenye utajiri, ana haki ya kuuliza: utajiri wa nani? Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024, Wakongomani 73,5 kati ya kila 100 waliishi kwa chini ya dola 2,15 kwa siku. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sifa ya Kiingereza inahesabu miti tu.

Namna hii ya kutazama Kongo haikuanza na mashirika ya habari. Mwaka 1892 mtaalamu wa mawe kutoka Ubelgiji, Jules Cornet, alipima ardhi ya Katanga. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliiita "kashfa ya kijiolojia", akishangaa wingi wa madini. Msemo huo wa Kifaransa bado unarudiwa katika hotuba za viongozi wa Kongo wenyewe. Ni sifa ya mawe. Haimtaji mtu anayelala juu ya mawe hayo.

Madini yapo, hakuna anayekana

Ingekuwa kosa pia kusema kwamba madini hayahusiani na vita. Yanahusiana, na mahali pengine yanahusiana sana.

Rubaya, katika wilaya ya Masisi, ni mfano wa kwanza. Migodi yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. M23 waliuchukua mji huo mwishoni mwa Aprili 2024. Mwezi wa Septemba mwaka huo, Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama kwamba waasi wanapata karibu dola 300.000 kila mwezi kutokana na biashara hiyo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa baadaye walitaja karibu dola 800.000 kwa mwezi. Waliandika pia kwamba koltani inavushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ile ya huko. Rwanda imekana mara nyingi kuwasaidia waasi na kufaidika na madini ya Kongo.

Mfano wa pili ni Bisie, katika wilaya ya Walikale. Mwezi wa Machi 2025, waasi walipokuwa wanaelekea Walikale-centre, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wake wa kasiteriti na kuwaondoa wafanyakazi. Mgodi huo peke yake unatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia, na bei ya bati ilipanda katika soko la kimataifa. Waasi waliondoka mwanzoni mwa Aprili, kazi zikaanza tena.

Katika habari hizo mbili, madini si pambo. Kuna mgodi wenye jina, tarehe, kiasi cha pesa, na mtu anayezipokea. Mwandishi aliyeandika hayo hakuhitaji kuongeza kwamba mashariki ina utajiri. Msomaji ameshauona.

Yasiyotosha kwenye kistari

Tatizo linaanza pale neno lilelile linapotumiwa kwa kila kijiji na kila kundi.

Chukua Kolwezi. RDC inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ile inayoingia katika betri za simu na magari ya umeme. Kobalti hiyo inatoka Lualaba na Haut-Katanga, kwa kiasi kikubwa. Kutoka Goma hadi Kolwezi ni kama kilomita 1000 kwa ndege. Lakini msomaji wa ng'ambo mara nyingi anaamini kwamba betri ya simu yake inatoka katika vita vya Kivu, kwa sababu maneno "Kongo", "madini" na "vita" yamemfikia yakiwa yamefungwa pamoja. Kama wingi wa madini peke yake ungeleta vita, Kolwezi ingekuwa uwanja wa vita mkubwa kuliko Masisi.

Sasa itazame Masisi yenyewe. Kuanzia mwaka 1937, utawala wa Ubelgiji ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kufanya kazi ya mashamba. Swali la ardhi ni ya nani na chifu ni nani likaanza hapo. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia wengi wao, na sheria ya mwaka 1981 ikauondoa. Mwaka 1993 watu waliuana Walikale na Masisi. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, zaidi ya wakimbizi milioni moja waliingia Zaire kutoka Rwanda, na kati yao walikuwemo askari na Interahamwe waliofanya mauaji hayo. Bei ya koltani ilipaa mwaka 2000. Vita vya Masisi vilikuwa na umri wa miaka saba tayari.

Hata jina la M23 linasema kitu kingine. Linatokana na mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na waasi wa CNDP. Askari walioasi mwaka 2012 walidai kwamba mapatano hayo hayakuheshimiwa. Waliporudi vitani, mji waliouchukua Juni 2022 na kukaa ndani yake ulikuwa Bunagana. Bunagana si mgodi. Ni mpaka na Uganda, penye forodha na malori.

Hapo kuna jambo ambalo kila dereva wa Kivu analijua. Silaha zinalishwa barabarani kuliko chini ya ardhi. Mwaka 2017, watafiti wa kituo cha IPIS cha Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu mbili. Pale watu wenye silaha, waasi na askari wa serikali pia, wanatoza kila kinachopita: makala, ndizi, maharagwe, ng'ombe, mbao, mtu anayekwenda shambani. Gunia la makala halina nafasi katika kistari cha Kiingereza.

Ituri nako, Mongbwalu kuna dhahabu na inachimbwa kwa bunduki. Lakini vita vya Djugu vya mwaka 1999 vilianzia kwenye mashamba makubwa na hati za ardhi. Na huko Beni, ambako ADF wanaua raia tangu Oktoba 2014, wafiwa hawajapata faraja yoyote kwa kuambiwa kwamba wanaishi juu ya utajiri.

Kutoka gazetini hadi kwenye sheria

Mtu anaweza kusema: ni neno tu, lina madhara gani? Historia ya karibu inatoa jibu.

Mwaka 2012, mtafiti Séverine Autesserre alichapisha katika jarida la African Affairs uchambuzi wa simulizi zilizotawala juu ya Kongo. Alionyesha kwamba simulizi rahisi zinapendwa kwa sababu zinaeleweka haraka: sababu ya vita ni madini, na dawa ni kupanua mamlaka ya serikali. Migogoro ya ardhi na ya mamlaka vijijini ilibaki bila wafadhili na bila wapatanishi.

Simulizi hiyo iliingia katika sheria. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la Marekani yaseme kama bati, tantali, volframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Nia ilikuwa kuwanyima wenye silaha pesa. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Baada ya hapo wanunuzi wengi walibaki mbali, wakiogopa jina la Kongo lenyewe. Wachimbaji wadogo walikosa kazi na wazazi walikosa pesa za shule. Makundi yenye silaha hayakumalizika. Mwaka uliofuata M23 ilizaliwa.

Septemba 2014, watafiti na wataalamu 70 hivi, Wakongomani na wageni, waliandika barua ya wazi kukosoa kampeni ya "madini ya vita". Hawakukana kwamba madini yanawalisha wapiganaji. Walisema kwamba madini si mwanzo wa vita hivi, na kwamba watu wa Kongo hawakuulizwa kabla ya dawa kuandikwa.

Simulizi ile ile ilirudi mwaka 2025. Tarehe 27 Juni, mawaziri wa mambo ya nje wa RDC na Rwanda walitia sahihi mapatano huko Washington. Tarehe 4 Desemba, marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walikutana huko kuyathibitisha mbele ya Donald Trump. Vichwa vingi vya habari vya Kiingereza viliweka madini mbele ya amani. Anayeamini kwamba vita ni vya madini atatafuta amani katika mkataba wa madini. Aliyefukuzwa katika shamba lake huko Masisi bado anasubiri kujua ni kifungu gani kinamhusu.

Kazi ya wanaotafsiri

Vyombo vya habari vya Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi havina uwezo wa kubadilisha namna London inavyoandika. Lakini kila siku taarifa za Kiingereza na Kifaransa zinatafsiriwa Kiswahili, mara nyingi kwa haraka, na ile sifa inapita bila kuulizwa. Mwandishi anayetafsiri anaweza kuisimamisha kwa maswali matatu. Je, habari hii inahusu mgodi? Kama ndiyo, ni mgodi gani, nani anachimba, nani anatoza? Kama siyo, mapigano haya yanahusu nini?

Kama kuna jibu kwa swali la pili, liandikwe wazi: wapiganaji wanashikilia Rubaya na wanatoza koltani inayotoka huko. Sentensi hiyo ina faida kuliko sifa, kwa sababu inaweza kuchunguzwa, na mtu anayetajwa anaweza kujibu. Kama mapigano yanahusu kizuizi cha barabarani, forodha, ardhi au kiti cha chifu, msomaji aambiwe hivyo. Na kama mwandishi hana jibu, sifa haifai kuwekwa ili kuziba pengo.

Wakaaji wa Kivu na Ituri hawahitaji kufichiwa kwamba ardhi yao ina dhahabu. Wanaijua kabla ya wageni. Wanachokosa katika habari zao ni jina la anayeondoka nayo.